Nusu Glasi Niliyokunywa Kamalondo

Naviundu, Lubumbashi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti lako la kushoto linaendeleaje katika baridi hii? Ile dawa ya kupaka niliyompa dereva wa lori la samaki ilifika ikiwa imefungwa, au waliifungua njiani? Na kuku wa mdogo wangu Mado, wameanza kutaga? Naomba unijibu moja baada ya jingine, maana kwenye simu unasema tu "tuko bien", mtandao unakatika, na mimi nabaki sijui lolote la Pweto.

Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio una hasira, na sitakuficha.

Alhamisi Kaka Chola alinipigia simu. Hakunisalimu. Alisema, "Mwape, unatupatisha haya. Bantu bote ba ku soko ya samaki banasema eti ulilewa saa tano ya asubui, ukatukana patron yako mbele ya bantu." Kisha akaongeza kwamba wewe, Mama, umesema niende nikaombe radhi. Nilipofungua kinywa kujibu, simu ilikatika, au aliikata yeye. Ndiyo maana naandika. Karatasi haikatiki. Mwambie Mado aisome kwa sauti, Kaka Chola akiwa ameketi hapo, na asiruke mstari hata mmoja.

Unajua kwamba tangu nilipokuwa sekondari kwa masista naandika kila siku mambo ya siku hiyo. Ulikuwa ukinicheka kwamba namaliza mafuta ya taa. Daftari liko hapa mezani. Ninayokuambia yamo ndani, kila jambo na siku yake.

Kwanza kazi yenyewe, kwa sababu naona nyumbani hamjaielewa. Kiwanda chetu si kile kikubwa ambacho chupa zake zinafika mpaka Pweto. Ni kidogo, mapipa sita ya chuma, karibu na mto Naviundu. Niliingia kuosha chupa. Siku moja Papa Kalala, mpishi mkuu wa bia, mzee wa Kasai anayevaa tai hata mbele ya moto, alinisikia nikisema kwamba kreti fulani ilikaa juani. Akaniuliza nimejuaje, wakati hakuna aliyeniambia. Nikamjibu kwamba bia iliyochomwa na jua inanuka vibaya, na kwamba mama yangu anapika kibuku Pweto, na mtoto wa mpika pombe anajua kwa pua kabla ya ulimi. Tangu mwezi ule mimi ni muonjaji.

Kaka Chola anadhani kuonja ni kunywa. Basi asikie. Naonja saa nne asubuhi, kabla sijala kitu cha chumvi wala pilipili. Glasi ni ndogo, bia ndani yake ni ya vidole viwili. Naitazama mbele ya karatasi nyeupe. Nainusa, naiacha, nainusa tena. Halafu nameza, kwa sababu uchungu wa bia unasikika nyuma ya ulimi, na anayetema hajui alichotema. Kisha naandika. Miaka minne nimefanya hivyo na sijawahi kurudi nyumbani nikiyumba.

Sasa hii bia iliyoleta maneno. Patron, mwenye kiwanda, alitaka blonde, ile bia ya rangi ya dhahabu, yenye nguvu, tofauti na blonde yetu ya kila siku. Papa Kalala aliipika kwa shayiri nyingi, akailaza kwenye baridi. Haya ndiyo niliyoandika mara ya kwanza:

"Jumanne, tarehe 3. Pipa la nne. Rangi ya majani makavu. Harufu ya mkate, halafu siagi. Siagi si yake. Haijakomaa, ilale tena."

Patron hakupenda. Alisema siagi ni kitu kizuri, watu wanailipia dukani. Lakini Papa Kalala alinisikiliza, ikalala wiki mbili na zaidi. Ya pili ni hii:

"Jumatano, tarehe 18. Pipa lile lile. Siagi imekwisha. Inang'aa, naona kidole changu upande wa pili. Povu jeupe, zito, linabaki ukingoni. Harufu ya ganda la mkate, asali kidogo, majani yaliyokatwa sasa hivi. Mdomoni tamu kwanza kama hindi bichi la kuchemsha, kisha uchungu msafi unaofuta utamu wote. Haikwaruzi. Baada ya kumeza, joto linateremka kifuani polepole. Joto hilo ndilo pekee linalosema ukweli. Ni bia nzuri kuliko zote tulizopika. Ni nyepesi mdomoni na nzito tumboni."

Nilifurahi, Mama. Niliandika kwa furaha kabisa. Na hicho ndicho kinachonichoma, kwamba bia haikuwa na kosa lolote.

Papa Kalala alichovya kile kioo kinachoelea cha kupimia nguvu ya bia, akafanya hesabu zake, akaandika nane kitabuni, yaani kilevi nane kwa mia. Bia ya kawaida ambayo watu wa hapa wamezoea ni tano. Ijumaa zikaja lebo kutoka kwa mchapaji. Zilikuwa zimeandikwa tano. Nilimfuata patron ofisini nikiwa na lebo moja mkononi.

"Patron, hii namba si yake. Bière iko nane."

"Lebo zilisha kutoka, Mwape. Unataka tuzitupe?"

"Tuandike nane juu yake kwa mkono. Nitaandika mimi."

Alicheka. "Bantu habakunywake karatasi. Banakunywaka bière. Tena bakiona nane bataogopa. Na wewe, mu kitabu yako ya kuonja, andika tano, isikuwe maneno mbili mu nyumba moja."

Nilirudi kwenye kitabu cha kuonja nikaandika nane. Nikaweka na jina langu. Papa Kalala aliniona. Alitazama viatu vyake.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuitambulisha bia. Tulikwenda mtaa wa Kamalondo, kwa Mama Véro, mwenye nganda, yaani baa, kwenye kona ya washonaji. Wateja wake wa mchana wengi ni waendesha pikipiki za abiria. Wanakula fufu na samaki, wanakunywa bia moja au mbili, wanarudi barabarani. Watu walijaa. Patron alivaa suti nyeupe, akasema maneno mengi ya Kifaransa kuhusu maji safi na shayiri. Chupa zikafunguliwa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mama Véro ndiye aliyesema. Ni mwanamke mkubwa wa mwili, sauti yake inafika barabara ya pili. "Patron, kunywa kwanza. Mwenye kupika njo anaonjaka wa kwanza. Ile ni sheria ya nyumba yote."

Nilifurahi kusikia hivyo, Mama, nikakuona wewe umesimama mlangoni na kikombe cha kwanza, unakinywa chote mbele ya wageni, unakigeuza chini wakione kikavu.

Patron alisema, "Miye docteur alinikatazaka."

"Alikukataza bière, ao alikukataza bière yako?" mtu mmoja aliuliza, na nganda nzima ikacheka.

"Kama yeye mwenyewe iko na woga ya kitu yake," Mama Véro akasema, "shiye tutaikunywa namna gani?"

Hapo patron akanishika bega na kunisukuma mbele. Akasema hivi, nimeyaandika jioni ile ile nisije nikayasahau: "Huyu njo muonjaji wangu. Ni mutoto ya Pweto. Mama yake njo anapikaka pombe kule, bantu bote banamujua, hakuna mwenye alianguka ju ya pombe yake. Kama huyu anakunywa, ni kama mama yake njo alikunywa."

Sijui alilijua wapi jambo lako. Nadhani ni Papa Kalala aliyemsimulia siku za nyuma, kwa nia njema. Lakini jina lako liliwekwa juu ya meza ile kama rehani, Mama, na mwenye bia hajagusa hata povu.

Nilikunywa. Nusu glasi. Ilikuwa nzuri kama siku ile, na nilisema ni nzuri, maana ni kweli. Watu wakaanza kunyoosha mikono. Ndipo kijana mmoja wa pikipiki, anaitwa Trésor, kofia yake ngumu ikiwa bado kichwani, akaniuliza mimi. Hakumuuliza patron.

"Mama, ntakunywa mbili, kisha narudia kazi. Haina mambo?"

Ungejibu nini? Nakuuliza wewe uliyemnyima Baba mdogo kikombe cha pili mbele ya wageni wake, kwa sababu alikuwa anaingia ziwani na watu watano kwenye mtumbwi. Alikutukana, na hukumpa.

Nilisema, "Iko na mambo. Moja ya hii ni karibu mbili ya ile umezoea. Kama unarudia ku moto, ile pikipiki yako, kunywa maji. Kama unataka kukunywa, acha moto hapa kwa Mama Véro, utakuja kuichukua kesho."

"Lebo inasema tano," Trésor akasema.

"Lebo inasema uongo. Iko nane."

Mikono iliyokuwa imenyooshwa ikarudi. Halafu patron akapiga makofi na kucheka kwa nguvu. "Mutamusamehe! Ule mama alisha kulewa! Nusu glasi tu, alisha kulewa!"

Na watu wakacheka, Mama. Wale ambao nilikuwa nawalinda. Si wote. Trésor hakucheka. Alivua kofia akaiweka juu ya kaunta, akaomba chupa moja na sahani ya samaki, akampa Mama Véro ufunguo wake. Mama Véro akawatazama wengine akasema, "Leo funguo zote zinalala kwangu, ao hakuna blonde." Wengine walitoa, wengine waliondoka wakinung'unika. Mimi sikumtukana mtu. Niliweka glasi chini nikatoka kwa miguu yangu, nikatembea mpaka Naviundu, na kutoka Kamalondo si karibu. Mlevi hatembei njia ile kwa mstari.

Kati ya waliocheka alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa samaki wakavu wa kutoka kwetu. Yeye ndiye aliyebeba neno mpaka sokoni. Alisikia kicheko, hakusikia swali. Kaka Chola naye akalipokea bila kuniuliza mimi, dada yake wa tumbo moja. Mgeni akiniita mlevi naweza kuvumilia. Kaka yangu kuamini, hilo nashindwa.

Jumatatu nilikuta jina langu limefutwa kwenye orodha ya zamu. Sikupiga kelele. Nilichukua aproni yangu na kikombe changu.

Jana mchana Papa Kalala alikuja hapa nyumbani, tai shingoni, karatasi mkononi. Patron yuko tayari kunirudisha kazini, alisema, kwa sababu pipa la tano lina harufu na hakuna anayejua ni ya nini. Nitie sahihi tu. Niliisoma. Ilisema: "Nakiri kwamba siku ile nilikuwa nimelewa, na niliyoyasema yalitokana na pombe."

"Weka sahihi, binti yangu," Papa Kalala akasema. "Ni karatasi tu. Itakaa mu droo."

"Papa, wewe njo ulipima. Ilikuwa ngapi?"

Alirekebisha tai yake. "Nane," akasema.

"Basi mimi nilikuwa nimelewa, ao kioo chako njo kililewa?"

Alicheka kidogo bila kupenda. Nilichukua kalamu, nikapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, mstari mnyofu, kwa rula, ili yaendelee kusomeka. Chini yake nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule: "Siku ile nilikunywa nusu glasi, saa tano asubuhi, mbele ya mwenye kiwanda, ambaye hakunywa. Bia ni nzuri. Nguvu yake ni nane." Hapo nikatia sahihi.

Papa Kalala alisoma mara mbili. "Hatakubali hii."

"Najua."

"Niipeleke vile vile?"

"Peleka, Papa."

Alitoa kalamu yake kwenye mfuko wa shati, akaitazama, akairudisha. Akaikunja karatasi vizuri akaondoka. Sijui alikuwa anataka kuandika nini. Simlaumu sana, ana wajukuu. Lakini simsifu.

Kwa hiyo kesho ni Jumatatu na sina kazi. Mama Véro ameniambia niende nimsaidie jikoni mpaka nipate nyingine, na nitakwenda. Usihangaike kwa hilo.

Lakini sitaomba radhi. Nimekutii katika mengi, na hili nalikataa, na nalikataa kwa heshima yako. Ukiona nimekosa, nipigie wewe mwenyewe uniambie kwa sauti yako, usimtume mtu. Ukiona sikukosa, basi Kaka Chola aende soko la samaki, mchana, watu wakiwa wamejaa, aseme pale pale aliposikia kwamba dada yake hakulewa. Asiseme nyumbani. Nyumbani hakuna aliyecheka.

Nisalimie Bibi, mama yake Baba, na umwambie kitenge chake bado nakitafuta, kile cha ndege wa bluu hakipatikani tena. Msalimie Mama mkubwa jirani yetu mjane, na mwalimu wa kwaya, na Mado, ambaye sasa koo limemkauka kwa kusoma, apewe maji. Kaka Chola pia msalimie. Sina kaka mwingine.

Mungu akulinde, akulainishie goti.

Ni mimi binti yako, mwenye akili zake timamu siku ile na leo,

Mwape