Mbegu Ulizozitundika Juu ya Moto

Mama, shikamoo.

Marahaba sitaisikia, najua, lakini nikianza bila salamu utanisema hata huko uliko.

Yale mahindi uliyoyatundika juu ya mafiga yameota. Yote! Maganda yalikuwa meusi kama mkaa, na sasa shamba zima la Kwamsisi ni kijani. Nimesimama na jembe, mdomo wazi kama kuku mwenye kiu.

"Fungeni dirisha, moshi unatoroka!" Ndivyo ulivyotufokea kila siku. Kwako moshi ulikuwa mlinzi, unafukuza dumuzi asile mbegu. Ukakaa chini ya mlinzi huyo tangu ulipoolewa, unapuliza kuni, macho yanachuruzika, na baba naye pembeni na kiko chake.

Daktari wa Korogwe alipouliza kama unavuta sigara, ulicheka mpaka ukakohoa. "Mimi? Muulize huyu!" Pakiti ilikuwa inachungulia mfukoni mwangu.

Akatuonyesha picha ya kifua chako. Mama, sikujua tumebeba kitu kizuri namna ile: kama mti uliopinduliwa, matawi hadi vijitawi. Na lile doa. Akasema sigara ndiyo inayoongoza, lakini hata moshi wa sigara ya mwenzako, moshi wa kuni kwenye jiko lililofungwa, na vumbi la baadhi ya kazi huleta saratani ya mapafu. Wengine huwapata tu bila sababu kujulikana. Kwako hakuthubutu kutaja chanzo kimoja.

Basi natazama masizi ya dari yanavyong'aa, nashangaa. Moshi uleule ulitunza mbegu... na mwenye mbegu je?

Juzi mkweo Zaina alikuwa anapika mlemle jikoni mwako, anakohoa. Mara nikamsikia akimwambia binti yetu, "Funga dirisha, moshi unatoroka!" Sauti yako kabisa. Nikachukua nyundo.

Nimebomoa ukuta wa upande wa shamba. Kwa kuwa fundi ni mimi, nusu ya paa nayo ilishuka. Zaina alicheka mpaka akakaa chini. Sasa tunapikia bandani, upepo unapita. Sigara nimeacha, na wanasema nimekuwa mkali kama siafu.

Pumzika, Mama. Tukivuna, mbegu nitazikausha juani na kuzifungia kwenye pipa lenye mfuniko. Dumuzi atakoma, na hakuna atakayekaa tena ndani ya moshi kwa ajili yake. Nakuahidi. Nikishindwa, njoo unifokee. Hilo nalo ningelipenda.

Mwanao