Ukuta Unaoitwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Ripoti ya bampa imetoka, saini ni yangu. Ya kwanza tangu niajiriwe! Gari linagonga ukuta, kilomita kumi na tano kwa saa, boriti ya ndani ya bampa inajikunja kidogo, basi. Kwenye kompyuta. Keshokutwa wanagongesha gari lenyewe. Modeli niliitengeneza mimi, shemeji akaiendesha Ijumaa na kuniletea majibu. Mume wa dada yangu ndiye aliyeniingiza hapa, ndiye aliyenifundisha. Kwenye mafaili yake ule ukuta anauita MAMA_MKWE — kwa sababu hasogei wala hapindi, anasema. Mama anajua, hucheka mwenyewe. Mimi huandika UKUTA. Siwezi kumgongesha mama yangu gari.

Jumatano, 5 Machi
Boriti imeng'oka. Weldingi zote za kushoto zimeachia, rejeta imetoboka, maji mpaka kwenye viatu vya mkuu wa idara. Kwenye kompyuta yako haikung'oka, akaniambia. Shemeji alikuwa anatazama simu yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua faili lililotoa ripoti. Weldingi nilizipa nguvu yake halisi, ile iliyopimwa maabara. Sasa pana tisa tisa tisa, mstari mzima. Weldingi isiyoachia hata ukiigonga kwa treni. Nikateremka mpaka kwenye ukuta: MAMA_MKWE. Alibandika kipande cha faili lake la zamani, akasahau kubadilisha jina. Chai yangu imepoa mezani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemuuliza, kwenye ngazi. Hakukana. Alishamwahidi mkuu kwamba bampa itapita. Kisha, kwa sauti ya chini: kosa la mgeni husameheka, mimi nitafukuzwa. Sema ulikosea tarakimu, mdogo wangu. Mdogo wangu! Kikulacho ki nguoni mwako — nilikuwa naisikia tu.

Jumapili, 9 Machi
Kwa Mama. Dada alikuwepo, tumbo la miezi minane, hakunitazama usoni. Nilidhani Mama akisikia atawaka. Kumbe alishaambiwa. Akanimenyea chungwa, akaliweka mbele yangu. Mwanangu, wewe huna mume wala mtoto, utapata kazi nyingine. Mwenzio ana familia. Nikasema, Mama, nikikubali hakuna atakayeniamini tena kwenye kazi hii. Akasema watu husahau.

Maisha yangu yote sijamwona mwanamke huyu akipinda. Leo amepinda, na si kwa ajili yangu. Nimeumia kuliko nilivyoumia kwenye ngazi. Chungwa sikulila.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika humu humu kikaoni, watadhani ni muhtasari. Shemeji ameshasema: binti alikosea tarakimu, tumvumilie. Kwa upole, huruma tele. Mimi bado sijafungua mdomo. Faili la ripoti limerushwa ukutani kwa projekta, herufi kubwa. Mkuu analiteremsha polepole, kama mtu anayetafuta funguo. Weldingi. Tisa tisa tisa. Anatikisa kichwa, anaendelea kuteremka. Amesimama kwenye mstari mmoja.

Anauliza huyu Mama Mkwe ni nani. Watu wanacheka. Shemeji hacheki.

Fundi wa weldingi, aliyekaa nyuma kabisa na ovaroli lake, ananigeukia. Kwani dada, umeolewa lini?

Simu inatetemeka mapajani mwangu. Mama. Mkuu ameweka kalamu chini, ananitazama, anangoja —