Siku za Kuonja Uyoga

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hukuwahi kushika kalamu, na hata kama ungejua kusoma, kule nilikokuacha hakuna wa kukupelekea barua. Lakini leo sina mtu mwingine wa kumwambia, na mikono yangu haitaki kukaa bure, kwa hiyo nimechukua daftari langu la kisomo cha watu wazima nikakaa hapa mlangoni. Mwalimu wetu anapenda tuandike habari za maisha yetu. Haya, habari ya maisha yangu ya leo ni kwamba asubuhi nimekula uyoga nisioujua, na sasa nasubiri nione kama utaniua.

Usinigombeze kwanza, ngoja nikueleze.

Tumehamishwa, mama. Ulituacha kabla ya Operesheni ya vijiji, kwa hiyo hukuyaona malori. Yalikuja kiangazi kilichopita, tukapakia vyungu, kuku na milango ya nyumba, tukaletwa huku njia ya Kwamsisi, kwenye kijiji ambacho nyumba zake zimepangwa mistari kama mkonge. Kwetu sasa ni mahame. Kaburi lako nililizungushia miiba siku tuliyoondoka, nguruwe pori wasije wakalifukua. Sijarudi kulitazama, na jambo hilo linaniuma.

Sitasema kila kitu ni kibaya. Zaina anasoma darasa la kwanza, na mimi nimerudishiwa kalamu niliyoiacha nilipoolewa. Lakini tulihama kabla ya kuvuna vizuri, na mahindi ya njano ya msaada, yale tunayoyaita yanga, yamekwisha. Baba Zaina amekwenda kukata mkonge upande wa Makuyuni, Korogwe, na tangu aondoke sijapata habari yake. Mvua zimeanza, mahindi yetu bado yananifika kifundo cha mguu. Mchunga wa porini tumeuchuma kijiji kizima mpaka umebaki vijiti. Ndani nina unga wa muhogo wa siku chache na watoto watatu wanaonitazama kila ninaposogea jikoni.

Jana, nyuma ya shamba la kijiji, nikauona uyoga. Umeota kuzunguka kichuguu, mweupe, mkubwa, vichwa vingine vimefunguka kama sahani. Mama, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikapiga magoti nikaanza kung'oa, mzizi mrefu uleule unaoingia ndani ya kichuguu, harufu ileile ya udongo uliopata mvua. Nilikuwa nimeshajaza nusu ya upande wa khanga ndipo nikageuza kichwa kimoja kutazama chini, kama ulivyonifundisha, na furaha yote ikaniishia. Wa kwetu ulikuwa mweupe chini. Huu una wekundu kwa mbali, kama maziwa yaliyodondoshewa chai. Na vichuguu vya kwetu vilikuwa vyekundu, vya huku ni vya kijivu. Je, ni udongo tu umeubadilisha rangi, au ni uyoga mwingine kabisa?

Nikaenda kwa Bi Mwajuma, jirani yetu, mtu mzima mwenye wajukuu. Nikamtandikia uyoga mbele yake. Akauinua, akaunusa, akaurudisha.

"Mwanangu, mie mwenyewe nimeletwa juzi kama wewe," akasema. "Uyoga wa kwetu naujua hata gizani. Wa huku nitaujulia wapi?"

Nikazunguka nyumba sita. Kila mmoja ananitajia uyoga wa kwao. Ndipo nikaelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kijiji kizima hiki, watu wote hawa, hakuna mwenyeji hata mmoja. Hakuna mtu ambaye mama yake aliwahi kutembea kwenye pori hili akala kitu chake akalala akaamka.

Kwa hiyo leo asubuhi nimefanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nimeuchemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikautia chumvi, nikala kiasi cha kiganja kimoja pale jikoni nimesimama. Uliobaki nimeufunika ndani ya chungu nikauweka juu ya uchaga. Nikawaambia watoto wataula kesho, jua likitoka. Wadogo wakalia. Zaina hakulia. Alinitazama mdomo.

"Mama, unakula peke yako?"

Nikamwambia anyamaze. Na palepale, mama, nikaona aibu ambayo ilichelewa kunifika miaka yote hii.

Unakumbuka mwaka wa Uhuru? Mvua zilinyesha mpaka ukuta wa jiko ukaanguka, na uyoga ukaota hata mahali ambapo haukuwa na kawaida ya kuota. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulirudi na kikapu kimejaa, ukapika, ukala wewe kidogo, ukafunika chungu. "Kesho," ukasema. Kila msimu ulikuwa ukifanya hivyo, uyoga wa kwanza, au uyoga wa mahali papya: wewe leo, sisi kesho. Siku hiyo nilikuwa na njaa na nilikuwa na mdomo. Nikakuambia, "Mama, wewe mlafi." Bibi alitaka kunipiga kofi. Wewe ukacheka, ukajifuta midomo kwa ncha ya khanga.

"Ndiyo, mlafi ni mimi," ukasema. "Njoo nje nikuonyeshe kitu."

Na ukanionyesha. Siku za kuonja uyoga zilikuwa ndizo siku zangu, mama, nilizipenda kuliko Idi. Siku nyingine zote ulikuwa mtu wa jembe, maji, kinu, kuni, tunakuona mgongo tu. Lakini siku ile ukishaonja ulikuwa hufanyi kazi. Ulikaa chini. Ulituonyesha wale wadudu wadogo wekundu wanaotoka ardhini mvua ikinyesha, laini kuliko kitambaa chochote tulichokuwa nacho, ukamweka mmoja kiganjani mwangu atembee. Ulituonyesha ndege chozi anavyofuma kiota chake kwa vipande vya magome na nyuzi za buibui mpaka kinaonekana kama takataka zilizonaswa kwenye tawi, ili mtu asikitie akilini. Wenzangu wote walikuwa wakikimbia kinyonga. Wewe ulinikalisha mbele yake nikamtazama jicho moja likienda mbele na lingine nyuma, mpaka hofu ikaniisha nikaanza kumhurumia. Ulikuwa ukinishika kidevu na kugeuza uso wangu. "Tazama," basi. Hukuwa mtu wa maneno mengi.

Nilidhani ni siku yako ya mapumziko. Nilidhani umeshiba, ndiyo maana una furaha.

Leo wadogo walikuwa wamekaa chini ya uchaga wanakodolea chungu macho. Nikaogopa. Nikawaita nje. Na kwa kuwa sikuwa na la kuwapa nikaanza kuwaonyesha vitu. Tazameni siafu, wana barabara yao. Tazameni jongoo, mguseni mgongoni muone atakavyojikunja. Nikamshika mmoja wao, Rajabu, kidevu nikamgeuza uso. Mkono wangu ulikuwa wa baridi, na yeye akauondoa. Akaniambia, "Mama, una mkono kama chura."

Na wewe ulikuwa na mkono wa baridi, mama. Siku zile tu. Sasa nakumbuka na mengine: jinsi ulivyokuwa ukiweka kiganja tumboni unapodhani hatuoni, jinsi ulivyokwenda nyuma ya nyumba na kurudi umenawa uso. Ulikuwa unaogopa. Ulikaa pale kutwa nzima na sisi wanne tumekuzunguka, hujui kama utatuona kesho yake, na badala ya kutuambia ukatuonyesha chozi.

Nimejiuliza ulikuwa unatuonyesha kwa ajili yetu, ili ukiondoka tubaki tunajua pa kutazama, au ulikuwa unatazama kwa ajili yako mwenyewe. Maana nitakuambia kitu nisichoweza kumwambia Bi Mwajuma. Sijawahi kuona kijiji hiki kilivyo kizuri mpaka leo. Tangu tulipofika nilikuwa nakichukia, naona vumbi na mistari ya nyumba tu. Leo naona tone la maji limekaa katikati ya jani la mhindi, na ndani yake kuna mbingu na nyumba yangu imepinduka. Naona vifaranga wa Bi Mwajuma wanavyokunywa na kuinua vichwa. Kila kitu kiko wazi mno, mpaka macho yananiuma. Sijui kama huu ni uzuri au ni woga, na tumbo langu nalisikiliza kila dakika kama mtu anayesikiliza mlango.

Jua sasa liko utosini. Sijambo mpaka hapa.

Nimerudi, mama. Utanisamehe kwa mwandiko.

Nilikuwa nimeandika mstari ule Zaina akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma. Akasema, "Mama, na mimi nimekula."

Nikamwuliza amekula nini, ingawa nilijua. Asubuhi, nilipokwenda kisimani, alipanda juu ya kinu akafunua chungu. Vipande viwili. Nilimkamata mabega nikamtikisa. Nikamwuliza, njaa gani hiyo isiyoweza kungoja siku moja?

"Siyo njaa," akasema. "Nilikuona unavyoutazama. Nikajua unauogopa. Nikaona tuwe wawili."

Sikujua nimchape au nimkumbatie, nikafanya yote mawili. Kisha nikakoroga chumvi kwenye kikombe cha maji nikamnywesha atapike, na akatapika maji matupu. Vipande vile vilikuwa vimeshakwenda zamani. Bi Mwajuma alisikia kelele akaja. Handeni mjini kwenye hospitali ni mwendo wa siku, na gari hakuna. Akakaa na sisi, akamlaza Zaina mapajani pake, akasema, "Tungoje. Hakuna lingine." Alasiri Zaina akashika tumbo, "Linaniuma," na mama, sitaki kukuandikia nilivyokuwa. Nilimwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Niliutukana uyoga, nikayatukana malori, nikamtukana baba yake huko aliko kwenye mkonge. Nikakutukana na wewe, unisamehe, kwa kunifundisha kupiga magoti kwenye kichuguu.

Baadaye kidogo akaenda nyuma ya nyumba, akarudi, akaniambia limeacha. Bi Mwajuma akasema huenda ni ile chumvi niliyomnywesha. Tulikaa mlangoni sote watano, na Zaina akawa ndiye anayewaonyesha wadogo zake: tetere wawili juu ya paa, wanabishana. Aliwaiga. Wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Usiku sitauandika.

Sasa ni siku ya pili. Asubuhi nimeamka, na nilipogeuka nimemkuta ameamka kabla yangu, ananitazama kama naye alikuwa akinilinda. Nikamwambia aruke, akaruka. Nikamwambia anionyeshe ulimi, akanionyesha na kuuvuta mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikasubiri mpaka jua likavuka mapaa. Nikatoa chungu, nikaupasha uyoga moto, nikasonga bada la muhogo, nikawapa. Rajabu alilamba bakuli mpaka nikamnyang'anya. Bi Mwajuma nilimpelekea kidogo, akala bila kuniuliza kitu, na kabla ya adhuhuri nyumba zile sita zote zilikuwa zinaniuliza ni kichuguu kipi. Nimewapeleka. Nimewageuzia kichwa kimoja nikawaonyesha ule wekundu wa chini, nikawaambia huu tumeula, mimi na binti yangu, tuko hai. Sasa pori hili lina kitu kimoja kinachojulikana.

Nilidhani barua itaishia hapo. Lakini tulipokuwa tunarudi, wadogo wametangulia mbele, Zaina akanivuta khanga. Ameuona uyoga mwingine upande wa mtoni, wa manjano, umeota kwenye gogo. Mwingi sana, amesema. Utatutosha wiki nzima.

"Huo nionje mimi," akasema. "Mimi peke yangu. Wewe una watoto, mimi sina."

Nilimwambia hapana. Nilisema kwa ukali, na nimemkataza asikanyage mtoni, lakini hakunisikiliza kwa macho, alinisikiliza kwa masikio tu, na mimi namjua. Nimefika nyumbani nikafungua daftari haraka, nikitaka kukuuliza wewe ulinijibu nini nilipokuambia maneno kama hayo, ili na mimi nimjibu hivyohivyo. Nimeshika kalamu muda mrefu, mama. Nimekumbuka kwamba sikuwahi kukuambia.

Mwanao,
Mama Zaina