Mabati Arobaini

Jumatatu, 3 Januari

Tufani imebeba paa la kanisa. Lote! Bati moja nimelikuta kwenye shamba la miwa, limekunjamana kama karatasi ya kufungia dagaa. Misumari ile niliipigilia mimi, Melecio, kwa mkono huu. Ilishika miaka arobaini na miwili. Katika kisiwa hiki kizima cha Negros nani mwingine anaweza kusema hivyo? Hakuna.

Kuta zipo. Meza ipo. Kikombe cha moto kipo — nilikichonga kwa mti mgumu unaovunja patasi, siku tatu, bila msaada wa mtu. Bado kinanuka mafuta ya nazi. Marehemu mke wangu, Basilisa, ndiye aliyekuwa akikiwasha zamani, kila ibada ikianza. Akifunika mwali wa moto kwa kiganja, upepo usiuzime. Mikono yake midogo!

Jumanne, 4 Januari

Mchungaji Marivel kaja kwa pikipiki, matope hadi magotini. Sisi hatuna mchungaji wetu. Umoja una makanisa ishirini na saba na wachungaji wachache, kwa hiyo hutuletea mmoja mara moja kwa mwezi. Safari hii hakungoja zamu yake.

Katusomea barua ya Umoja. Mabati arobaini na saruji vimeshatengwa. Lori linakuja Jumatatu. Lakini waumini wenyewe waseme yashushwe wapi: mlimani palepale, au chini barabarani tujenge upya. Kura Jumapili.

Nikamwambia, "Wewe sema tu mlimani. Umoja ukisema, imekwisha."

Akacheka. "Babu, Umoja hauna askofu. Unatoa mkono, hautoi amri. Si wewe uliyenifundisha hayo, nikiwa bado na meno ya utoto?"

Ni kweli. Nilimfundisha. Nilimfundisha vizuri mno.

Jumatano, 5 Januari

Mlimani! Pengine ni wapi?

Naikumbuka siku tuliyopandisha mabati ya kwanza. Njia yenyewe haikuwepo. Mimi nilibeba sita kichwani, wengine wawili wawili. Majirani walisimama milangoni wakitupigia kelele: "Nyie msio na jehanamu! Mtawatisha watoto wenu kwa kitu gani?" Basilisa akawajibu, "Kwa uji bila chumvi!" Hata wao walicheka. Alikuwa na mimba ya kwanza na kichwani amebeba sufuria la wali wa wajenzi. Hakupumzika hata mara moja.

Mungu anampenda kila mtu, hakuna atakayeachwa nje. Hiyo ndiyo imani yetu, na haizidi hapo. Niliichonga juu ya mlango kabla sijajua kusoma. Nilinakili tu maumbo ya herufi. Kusoma nilikuja kujua nina miaka hamsini na minane, mwalimu wa Umoja alipotufungulia darasa. Wenzangu tisa walikimbia. Mimi nilibaki. Ndiyo maana naandika haya.

Alhamisi, 6 Januari

Nimegombana na Teopisto, kaka yake Basilisa. Miaka sita hatujasemeshana, tangu tulipomzika. Leo tumekutana tukiokota misumari. Yeye ndiye anayewashawishi watu wachague barabarani.

Nikamwambia, "Umezeeka, shemeji. Kilima kimekushinda, unatafuta sababu."

Akaokota msumari mwingine. Kisha akasema, "Kilimshinda dada yangu kabla yangu."

Nikamwuliza ana maana gani.

Akayamwaga yote. Eti miaka minne ya mwisho magoti ya Basilisa yalikataa. Kila Jumapili nikishatangulia kupanda, yeye alikwenda kukaa kwenye jiwe pale darajani, na kibatari chake kidogo cha mafuta. Anakiwasha. Anasema anasikiliza nyimbo. Teopisto alikuwa akikaa naye.

"Mbona hakuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ungembeba mgongoni, halafu ungetangaza kijiji kizima kwamba umembeba."

Nikaitupa misumari niliyookota, nikaondoka.

Mazishini nilisema mbele ya watu kwamba miaka ya mwisho mke wangu alikuwa mvivu wa ibada. Nilisema kwa utani. Watu walicheka. Teopisto hakucheka.

Ijumaa, 7 Januari

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi, 8 Januari

Vijana walikuwa juu wanafanya mazoezi ya nyimbo kati ya kuta zisizo na paa. Mimi nikateremka darajani. Jiwe lipo. Limelainika upande mmoja. Nikakaa.

Nikatega sikio. Mto. Pikipiki. Mto tena.

Huwezi kusikia kitu pale. Hata sauti moja.

Miaka minne, mama wee! Mimi juu najisifu sijakosa Jumapili hata moja.

Jumapili, 9 Januari

Naandika benchini, asubuhi, jua linatuchoma utosini. Wanakunywa kahawa ya mahindi, wananingoja mimi.

Kura yetu ni ya mbegu. Choroko ni mlimani, punje ya mahindi ni barabarani. Unafumba ngumi, unatia ndani ya kile kikombe nilichochonga. Mzee kuliko wote hutia mwisho, hesabu ikishatajwa, asije akawatisha vijana. Desturi hiyo niliianzisha mimi. Sikujua itanigeukia.

Mchungaji Marivel kamwaga mbegu mkekani, kahesabu mara mbili. Choroko kumi na moja. Mahindi kumi na moja.

"Babu, imebaki yako."

"Nipe kahawa kwanza," nikasema. Wakacheka. Wanadhani najivuna. Wanadhani wanaijua kura yangu, maana wiki nzima nimeipigia kelele.

Nimejipekua mfukoni. Choroko tupu! Alfajiri nilijaza kiganja kizima, niwagawie wasio na msimamo. Punje ya mahindi sikuchukua hata moja. Nichukue ya nini?

Moja nimeitia mdomoni. Ngumu kama kokoto. Meno manne niliyobakiwa nayo yameihangaikia weee — nimeimeza.

Marivel anauliza, "Babu, unakula kura?"

"Nina njaa."

Hapa nilipoketi naiona ile miti niliyoichagua mwenyewe kwa nguzo. Naona pale alipokuwa anasimama Basilisa, kiganja kimezunguka mwali. Nikiondoka hapa, nitamwona wapi? Darajani, labda. Ni hatua ishirini tu kutoka barabarani.

Teopisto amekaa benchi la mbele yangu. Mkono wake uko nyuma ya mgongo, kiganja wazi. Kuna punje ya mahindi. Imebaki, au ameibakiza, sijui. Hageuki.

Tangu mazishi sijamwomba kitu mtu huyu. Hata moto wa kuwashia tumbaku.

Wameacha kunywa kahawa. Wote wananitazama. Basi, naiweka kalamu. Nahitaji mkono mtupu, wa kupokea.