Mukono wako ulibaki njiani

Goma, siku ya pili baada ya mvua kubwa

Mama yangu,

Wavukire, ninakusalimu kwa luga yetu. Kabla ya neno lingine, magoti yanasemaje na hiyo baridi ya Butembo? Ile dawa ya kupaka niliyotuma, unaipaka kweli ao umeifungia mu sanduku pamoja na vitenge vya sikukuu? Nakujua. Da Masika anayekusomea barua hii asimame kwanza aende kuangalia, sisi tutamungojea.

Mimi niko muzima. Mama mudogo naye ni muzima, anakohoa tu kidogo sababu ya vumbi. Kazi yangu ya kupokea wageni kule ofisi, ile biro ya Himbi, inaendelea, ijapo wageni wenyewe wamekuwa wachache na ninashinda nikiangalia mulango. Barua hii ninaipa Mama Devota, yeye peke yake ndiye bado anazunguka kwa Uganda na viatu vyake vya kuuza mpaka anafika kwenu. Barabara yetu ya siku zote, mama, na vita hii usiniulize tena. Ninasikia leo imefunguka, kesho ninasikia gari zimerudishwa zikifika Kibati.

Uliniuliza kwa kinywa cha Mama Devota, ile shule ya midoli imefikia wapi. Nilicheka, kisha nikashindwa kulala. Ninakuandikia sasa yote, ili usiyasikie kwa watu.

Si shule ya midoli, mama. Ni université, chuo kikuu, iko Ulaya, wanafundisha kutengeneza filamu ambamo vitu vya kuchora na vya kufinyanga vinatembea na kuhema kama watu. Wanaoomba ni wengi kutoka dunia nzima, wanaopokelewa unaweza kuwaketisha wote mu sebule yetu. Tena mwaka ujao nitakuwa nimepita umri wanaoutaka. Kwa hiyo ilikuwa mara hii ao basi. Waliomba kila mutu atume filamu fupi ya mikono yake mwenyewe, juu ya nyumbani.

Nilikutengeneza wewe. Usikasirike, nilikupunguza mwili kidogo. Mifupa yako ni waya aliyonipa Muzee Bahati, yule mutengenezaji wa redio ng'ambo ya avenyu yetu, nguo yako ni kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi. Nyumba nikaijenga na mawe meusi ya huku, sababu udongo mwekundu wa kwetu sina, utaona umehamia volkano. Vumbi la njia lilikuwa unga wa muhogo. Hadithi yenyewe ni fupi: mutu anagonga, wewe unasikia, unaacha kuchambua maharagi, unatembea mpaka ku mulango, unafungua, na ni mimi.

Kazi yake inakwenda hivi. Ninakusogeza kidogo sana, ninapiga picha. Ninakusogeza tena, ninapiga ingine. Picha zikipita mbio, unatembea. Lakini meza niliyojengea ile nyumba haipaswi kuguswa tangu mwanzo mpaka mwisho, wala telefone ya kupigia picha iliyofungwa mbele yake, wala jiwe moja. Kitu kikihama upana wa ukucha, filamu yote inaruka na macho yanaona. Tulikula miguuni wiki nyingi, mimi na mama mudogo, sahani juu ya magoti, na hakunung'unika. Nilipokuwa ninaenda kazini nilifunika kila kitu na shuka na kumwambia, mama mudogo, hata nzi asikae pale.

Ulikuwa umekwisha kusimama. Ulikuwa umevuka chumba, ukilemea muguu wa kushoto vile unavyotembea asubuhi. Ulikuwa umenyoosha mukono kwa kitasa. Ilibaki kufungua tu, na tarehe yao ya mwisho ilikuwa jumamosi.

Jumatano Muzee Bahati alikufa. Alikuwa ameketi mbele ya redio ya mutu, akainama, wakafikiri anatafuta kipuri.

Unajua kilio kinavyofanywa huku, ni kama kwenu. Vijana wa avenyu walipita nyumba kwa nyumba kuchukua viti na meza, na hakuna mwenye kuulizwa. Mama mudogo alitoa meza yetu. Niliporudi kutoka Himbi niliiona toka mbali chini ya turubai, termosi za chai juu yake na wababa wanne wakicheza karata.

Niliingia mu nyumba nikikimbia. Mama mudogo alikuwa amepanga vitu vyangu vyote ku kitanda, vizuri sana. Mawe alikuwa ameyaosha. Unga aliukung'uta, akaurudisha mu sufuria. Wewe alikulaza ku muto, mikono imenyooshwa pembeni, na nguo yako ilikuwa imepigwa pasi. Alifikiri ananisaidia.

Nilimuuliza kwa nini. Hakunijibu na ukali.

"Kavira, muzee amekufa," akasema. "Tungewaambia nini, kwamba meza iko na kazi?"

Ni kweli, mama. Ile waya mu mukono wako ilitoka kwa marehemu. Nilifunga kitambaa, nikavuka avenyu, nikakaa na wafiwa, nikaosha vikombe. Mara nyingi nilipita karibu na ile meza nikiwa na termosi mukononi na kumimina chai pale pale ulipokuwa umesimama. Niliwaza kuwaambia wale wababa wainue karata zao. Aibu ilinishika. Nililia na wenzangu, na kila mutu alisema huyu mutoto alimupenda sana muzee. Nilimupenda kweli. Lakini sikuwa ninamulilia yeye peke yake.

Meza ilirudi jumapili baada ya mazishi, na muguu mumoja ulikuwa umelegea. Tarehe ilikuwa imepita jana yake. Filamu niliituma ile jumamosi kutoka biro, vile ilivyokuwa, bila mwisho. Walijibu siku ile ile kwamba wamepokea. Tangu pale, kimya. Kila asubuhi ninafungua telefone kabla ya kunawa uso. Na hata wakisema ndiyo, sijui nitapita wapi, ndege haziruki hapa. Kuja kwako siwezi, kwenda kwao siwezi. Nimechoka kuambiwa nivumilie, mama, wewe usiniambie.

Salamu kwa Da Masika na mume wake anayeogopa ng'ombe. Salamu kwa kaka yangu mukubwa Paluku, amalize lile paa. Salamu kwa shangazi wa sokoni, na kwa nyanya, umupigie kelele sikioni kwamba bado ninakula. Jirani anayeuza maharagi mwambie nilimukumbuka.

Niliitazama tena jana ile filamu. Unaacha maharagi, unasimama, unakuja ukilemea ule muguu, unanyoosha mukono, na inakatika hapo, kitasa kikiwa bado mbele ya vidole. Kule Ulaya watafikiri nilitaka iwe hivyo. Wewe na mimi tunajua nani alikuwa upande wa pili.

Ni mimi mutoto wako Kavira, ningali ninagonga.