Zamu Yako Kwenye Foleni

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia saa sita mchana, mtoto amelala mgongoni mwangu. Hii ndiyo saa baiskeli yako ilikuwa inasogea kwenye foleni ya parking. Leo iko hapa nyumbani, imeegemea ukuta, na kila mstari ninaoandika nainua macho kuiangalia.

Unakumbuka ule mwinuko kabla ya geti la chuo? Abiria wote wa toleka, hizi baiskeli zenu za kubeba watu, wanaujua. Baiskeli ikifika pale chini, mtu anashuka bila kuambiwa, hata mama wa sokoni mwenye beseni lake la samaki, anatembea kando mpaka juu, kisha anapanda tena. Ni heshima kwa miguu ya anayekubeba. Mimi peke yangu ulinikatalia. Nakaa kwenye ule mto mwekundu wa kiti cha nyuma, madaftari kifuani, nasikia pumzi yako inakatika.

"Yaya, acha nishuke."

"Kaa! Mwanafunzi hashukake."

Wenzako wanapita wanacheka: "Angalieni chauffeur wa Madame Docteur!" Wewe unawajibu kwa kengele, mara mbili, ding ding, kwa sababu pumzi ya kujibu haipo.

Kile kikohozi tulikiita vumbi. Hela ya hospitali uliipeleka kwenye minerval, ada yangu ya chuo ya mwaka wa pili, ukaniambia dawa umekwisha kunywa. Mvua za kwanza zikakukuta kitandani, hazikukuacha. Huyu mtoto alikuwa bado tumboni.

Matanga yalipoisha, Tonton Asumani, mkubwa wa parking yenu, alikuja na wenzako wote. Alivua kofia yake, akasema, "Mutoto yetu, baiskeli yake itabaki kwenye foleni. Zamu yake ni zamu yake. Ikifika, mumoja wetu atabeba abiria, na pesa ni ya masomo yako, mpaka utamaliza."

Nililia kwa furaha, Yaya. Sikujua nimekubali nini.

Kila siku waliisogeza kama ya mtu aliye hai: mmoja akiondoka, yako inasukumwa hatua moja mbele, mto umefutwa vumbi, hakuna anayeikalia mpaka zamu ifike. Kisha maneno yakaanza. Mama mmoja anayeleta samaki kutoka Wagenia alisema, "Yule kijana alinibeba jana hasemake. Anakohoa tu." Aliyembeba jana yake alikuwa Tonton Asumani, mzee mwenye mvi, ambaye hakohoi.

Siku nyingine walifungua kopo la kuwekea pesa za zamu yako, wakakuta nauli mpya.

"Nani alibeba?"

"Si wewe?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nakula pondu yangu pale!"

"Bon, acheni michezo," akasema Tonton. Wakatazamana mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amebeba. Tonton akagusa mto, akautoa mkono haraka. "Ni jua," akasema. Lakini baiskeli ilikuwa kivulini.

Na mtoto. Baba yake yuko Bengamisa kwenye biashara ya mchele, anakuja mara chache, kwa hiyo huyu hapendi wanaume, analia hata kwa Tonton. Lakini tukipita mbele ya baiskeli yako, ambayo haina mtu, ananyoosha mikono miwili hivi, kama mtoto anayeomba kubebwa. Nilianza kuzunguka kwa barabara nyingine.

Wiki iliyopita chuo kilituita. Kuna mpango mpya wa kukopesha wanafunzi, na mwanafunzi alete mdhamini. Bwana wa mezani akaniuliza, "Mdhamini wako ni nani?"

"Ni yaya yangu."

"Iko wapi?"

"Iko kwenye foleni."

Wengine walicheka. Waliotoka mtaa wetu hawakucheka.

Halafu nikasimama, na mtoto mgongoni, nikasema yaliyonikaa moyoni. Kama mnataka kutukopesha, mtukopeshe sisi wenyewe. Tusome, tupate kazi, tulipe kidogo kidogo kwa miguu yetu. Asiyepata kazi msimkimbize. Aliyekufa mumuache alale. Msitafute mdhamini, mtu wa nyuma, kwa sababu mtu wa nyuma ni kaka anayekohoa, ni mama anayeuza shamba. Yule bwana alikuwa mpole. "Mama, hiyo haiko kwenye programu ya leo." Donc, bado nangoja jibu. Jibu likiwa hapana, watanitoa kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya minerval, na nauli zako hazitakuwepo kuniokoa. Ninajua. Nitakaanga mikate, nitauza, mwaka mmoja utakuwa miwili. Nimechoka, lakini mikono ninayo.

Jana nilimwomba Tonton aitoe baiskeli yako kwenye foleni, ila kwanza anibebe nayo mara moja ya mwisho, zamu yako ilipofika. Pale chini ya mwinuko nilishuka. Ndiyo, Yaya, mwanafunzi alishuka. Tonton naye akashuka, akashika usukani, mimi nikaweka mkono kwenye mto. Tukaanza kupanda.

"Mutoto, usisukume sana. Mimi ni mzee."

"Sisukumi, Tonton."

Akanigeukia. Mikono yake ilikuwa imegusa usukani tu, kama mtu anayepapasa mgongo wa mbuzi. "Mimi pia sisukume," akasema, polepole.

Baiskeli ilipanda. Haikuharakisha, haikusimama. Nilisikia pumzi inayokatika, na haikuwa ya Tonton. Mtoto mgongoni alicheka. Tulipofika juu, kengele ililia mara mbili.

Tonton alianza kusali dua yake. Mimi sikukimbia. Niliinama karibu na mto mwekundu, pale sikio lako lingekuwa kama ungekuwa umekaa wewe na mimi nakubeba, nikakuambia kwa sauti ambayo namwambia mtoto akikataa kulala:

"Tumefika kwenye geti, Yaya. Sasa shuka na wewe."

Mto ulikuwa wa baridi tuliporudi. Umebaki hivyo mpaka sasa.

Pumzisha miguu. Njia iliyobaki nitaitembea.

Mdogo wako, mama wa mpwa wako