Samli ya Wagonjwa Tusiowataja

Mpendwa Mjomba Komora,

Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Hapa bahasha zote hufunguliwa langoni kabla hazijatoka, basi nimewapunguzia askari kazi ya kuchana. Sijui walikupeleka wapi. Wengine wanasema Garissa, wengine wanasema bara, na yuko mmoja anayeapa kwamba alikuona Bura ukiuza nguo. Yeyote itakayemfikia, kama anamjua dresa wa Kipokomo, mtibu wagonjwa wa zahanati, mwenye mwanya na sauti ya upole, tafadhali amsomee. Amwambie inamhusu Sahra, dada yangu, kwa sababu ulipopandishwa lori siku ile, jina lake ndilo ulilopiga kelele.

Nianzie mbali kidogo. Nikianza na Sahra sitafika mwisho.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu malishoni mara ya kwanza? Ulitoka zahanati ya mtoni, upande wa Balambala, umekaa juu ya magunia ya sukari kwenye lori la Haji, sanduku la dawa mapajani. Tulikuletea ngamia barabarani akufikishe nyumbani. Ukamtazama, naye akakutazama, ukasema utatembea. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Wallahi, daktari naogoba ngamia! Damu haogobi, ngamia naogoba."

Toka siku hiyo alikuita kaka, na mimi nikapata mjomba asiyejua hata kukamua. Nilikuwa nimesoma kidogo mjini, na Kiswahili changu kilitosha kukueleza nani anaharisha na nani anakohoa damu. Ulinirekebisha taratibu, hukunicheka. Kama barua hii inasomeka, nusu ya kazi ni yako.

Serikali ilikuwa imekupa dawa, haikukupa njia ya kutufikia. Mgonjwa mwenye jamaa na ngamia alifika mtoni. Mjane, kipofu, mtu ambaye mifugo yake ilikwisha na ukame, hao walibaki vichakani wakingoja. Mkakaa chini watu watatu, wewe, mama na Haji mwenye duka, mkapanga. Wewe ulete dawa na mikono yako. Haji akubebe bure kila lori lake linapopita. Mama na wanawake wenzake wakulishe, wawalaze wagonjwa, na kila nyumba itoe samli kadiri ya uwezo wake, Haji aiuze Garissa na kuleta bandeji, sabuni na dawa ambazo sanduku lako halikuwa nazo. Kwetu mchango wa namna hiyo ni qaaraan. Tangu zamani ukoo humchangia mtu wake aliyekwama. Mama aliufungua mlango huo kwa mgonjwa yeyote, hata asiye wa ukoo wetu, na wazee walinung'unika sana kabla hawajakubali.

Qaaraan ina adabu yake: anayesaidiwa hatajwi. Mtu akishapona awe na uso wa kukaa na wenzake, asinyooshewe kidole kisimani. Ilikuchukua muda kulielewa hilo. Siku moja uliuliza mbele za watu samli ya mwezi ule imemtibu nani, na baraza zima likatazama mchanga. Mama akakuvuta kando. "Wewe najua. Mungu najua. Basi." Hukuuliza tena, na hapo ndipo watu walipoanza kukuletea hata maradhi yale ya aibu.

Sahra alikuwa mmoja wao, sasa naweza kumtaja. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa, na damu ikakataa kukatika. Ulimchoma sindano, ukamkandamiza tumbo huku jasho likikutiririka, hadi rangi ikamrudia. Kisha ukamwambia mama kwamba akishika mimba tena asijifungue bila wewe kuwa karibu. Mama alilishika neno hilo kama amri. Kila ulipotuaga alikuuliza unarudi lini.

Halafu vita vikakaza. Vijana wetu wengine waliingia msituni kupigana na serikali, nayo ikawaita shifta, askari wakajaa, njia zikafukiwa mabomu, na sisi tuliobaki tukakusanywa kijijini ndani ya ua wa miba. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu. Mifugo iliyokutwa nje ya mpaka ilipigwa risasi. Iliyokuwa ndani ilimaliza majani ya karibu, ikaanza kuanguka mmoja mmoja. Watu waliozoea kuhama na mvua walibanwa pamoja na inzi na kinyesi, na watoto wakaanza kuharisha.

Ungeweza kubaki mtoni. Badala yake uliomba ruhusa uje uishi nasi, na sijui ulimwambia nini afisa hadi akakubali. Wanawake walikujengea nyumba ya mikeka, iliyo kubwa kuliko zetu. Na Mjomba, walichanga tena! Watu ambao watoto wao walikuwa wanalala njaa walileta samli kikombe kikombe, wakaijaza kwenye vibuyu ukutani mwako ikimngoja Haji. Sahra alikuwa na mimba kubwa. Ulimpima asubuhi moja ukasema mtoto amekaa vizuri, na mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuingie mle.

Afisa alikuja siku iliyofuata kukagua. Akaviona vibuyu.

"Hii chakula yote ni ya nani?"

"Ya wagonjwa," ukamjibu.

"Wagonjwa gani? Nataka majina." Akamgeukia mama. "Mama, taja jina. Hii munapelekea shifta."

Mama alisimama wima, shela yake imechanika begani. Hakuningoja nimfasirie. "Ni ya mgonjwa. Jina hatuweki. Mtu kama nasaidiwa, jina yake ni aibu kusema."

"Aibu? Basi ni shifta."

Kwake yeye, mtu anayeficha jina anaficha bunduki. Kwetu sisi, kulitaja jina ni kumvua mtu nguo hadharani. Nilijaribu kumweleza, nikaambiwa ninyamaze. Wewe ulikuwa na majina yote kichwani, yule mjane, yule mzee wa kifua, dada yangu. Niliona midomo yako ikifunguka. Kisha ukamtazama mama, naye akatikisa kichwa kidogo sana, nawe ukaifunga. Nimewakasirikia nyote wawili kwa ajili ya dakika ile. Nimewapenda pia, na siwezi kutenganisha hasira na mapenzi hayo. Kama ungesema labda ungebaki, au labda wangewachukua wale uliowataja. Nimeligeuza jambo hili usiku na mchana, halina upande mwema.

Walimwaga samli mchangani. Nyumba yako ikavunjwa, sanduku la dawa likabebwa, nawe ukapandishwa lori. "Sahra! Mpelekeni Sahra hospitali mapema!" ulipiga kelele. Tuliomba kibali, Mjomba. Nilisimama langoni kila siku na Kiswahili ulichonifundisha. Walisema subiri.

Uchungu ulimshika adhuhuri, jua likiwa kali. Mtoto alitoka akilia, msichana. Kisha damu ikaja vilevile kama mara ile. Mama alimkandamiza tumbo jinsi alivyokuona ukifanya, akawa anamwambia, "Ngoja, daktari nakuja, daktari nakuja." Alijua huji. Sahra aliniuliza kama nimesikia lori, nikamwambia nimelisikia. Alikufa kabla ya alasiri. Mtoto alimfuata baada ya siku chache, maana hakukuwa na mama mwenye maziwa ya kumgawia.

Mama bado anaishi, ukitaka kuita hivyo. Hazungumzi tena Kiswahili, hata salamu. Mimi nimechoka, Mjomba. Zamani niliamini kwamba watu wakishikana mikono, kila mmoja na alicho nacho, kuna kitu kitasimama. Tulishikana kweli. Nilikiona kikisimama, na nilikiona kikivunjwa na mtu aliyeuliza swali moja na kupata jibu la heshima. Wakikuambia huko uliko kwamba watu wetu hawakutaka kujisaidia, usibishane nao, utaumia bure. Kama una mgonjwa mbele yako, mtibu. Mungu akulinde, na akusamehe kwa kutuzoesha kutumaini.

Jambo la mwisho. Michango haijakoma. Wanawake bado wanapita nyumba kwa nyumba, na mama ndiye anayetangulia, hasemi neno, ananyoosha mkono tu. Siku hizi tunachangia bafta ya sanda. Haji alileta majora mazima juzi, na askari akainua kizuizi bila kushusha hata jora moja. Hakuuliza sanda ni za nani.

Wasalaam,
mpwa wako, mdogo wake Sahra.